Mhadhiri wa Kiswahili na Vyombo vya Kisasa vya Kufundishia: Mambo Yaliyodhihirika Nairobi

Utangulizi

Imekuwa desturi siku hizi kusema kwamba vyuo vikuu vya Kenya vilianza kufundisha kwa mitambo mwezi wa Machi, 2020. Tarehe 15 ya mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20 viwe vimekwisha kuwaruhusu wanafunzi kwenda makwao. Katika majuma na miezi iliyofuata, wahadhiri ambao hawakuwa wamewahi kufundisha ila kwa ubao na chaki walijikuta wakihutubia kioo cha kompyuta, hawawaoni wanafunzi wao, wala hawajui ni wangapi wanaosikiliza na ni wangapi waliokwisha kwenda kuchota maji.

Kutokana na tajiriba hiyo ya ghafla zimezuka rai mbili. Ya kwanza hudai kuwa mashine imekuja kumwondoa mwalimu, na kwa hiyo haina budi kutazamwa kwa hadhari. Ya pili hudai kuwa kilichobaki ni kununua vyombo, kuita semina ya siku moja katika jumba la mikutano, na kumwonyesha mhadhiri ni wapi pa kubonyeza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rai hizi, ingawa zinapingana, zina kasoro moja: zote mbili zinaanza na chombo badala ya kuanza na somo. Mifano itakayotolewa inahusu hasa ufundishaji wa Kiswahili, na mahali panapozungumziwa ni Nairobi, tangu majengo ya chuo kikuu katikati ya mji hadi viunga vya magharibi ambako wanafunzi na walimu wengi wanaishi.

Kikuyu kabla ya kompyuta

Kwanza yafaa kusahihisha historia. Kiasi cha kilomita ishirini hivi magharibi ya katikati ya mji, huko Kikuyu, kilianzishwa mwaka 1967 kitengo cha masomo kwa njia ya posta. Kilikuwa chini ya chuo kikuu kishiriki cha Nairobi, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na kikaja kujitegemea mwaka 1970. Msaada ulitoka Marekani, na Chuo Kikuu cha Wisconsin kilihusika katika kukijenga. Shabaha yake ya mwanzo ilikuwa walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa na sifa za kutosha na ambao haikuwezekana kuwatoa madarasani kwa wingi ili warudi shuleni. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka 1963, shule zilikuwa zikiongezeka kwa kasi, na mwalimu aliyekuwa mbele ya darasa hakuwa na mtu wa kumshikia nafasi yake.

Mpango wenyewe ulisimama juu ya mafiga matatu. Mwanafunzi alipelekewa kijitabu cha masomo kwa posta, akafanya mazoezi na kuyarudisha ili yasahihishwe. Alisikiliza vipindi vya redio vilivyotangazwa na Sauti ya Kenya, shirika lililobadilishwa kuwa KBC mwaka 1989 na ambalo jumba lake la utangazaji liko barabara ya Harry Thuku, jirani kabisa na chuo kikuu. Kisha wakati wa likizo alikutana ana kwa ana na walimu wake. Peter Kinyanjui, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kitengo hicho, baadaye alijulikana mbali na mipaka ya Kenya kwa kazi yake katika elimu ya masafa. Mwaka 1986 msingi huohuo wa Kikuyu ulitumiwa kuanzisha masomo ya shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje.

Jambo la kuzingatiwa katika habari hii si redio wala stempu. Ni kwamba mhadhiri aliyezoea kusema darasani alilazimika kujifunza kazi mpya kabisa, yaani kumwandikia mwanafunzi asiyemwona. Darasani mwalimu husoma nyuso. Akiona watu wamekunja vipaji vya nyuso hurudia, akawapa mfano mwingine, na hata akaacha aliyopanga kusema. Mwandishi wa kijitabu hana nyuso za kusoma. Hana budi kukisia mapema ni wapi mwanafunzi atakwama, na kuweka swali hasa mahali hapo. Huo ni ustadi wa kufundisha, wala si wa kiufundi. Aliyeukosa huo mwaka 1967 angekuwa mwalimu mbaya wa redio, na aliyeukosa mwaka 2020 alikuwa mwalimu mbaya wa mtandao, hata kama chombo chake kilikuwa bora mara mia.

Kuna mfano mwingine wa Nairobi, nao una funzo kali zaidi. Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika kilianzishwa mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, na makao yake yakahamishiwa Nairobi mwaka 2002. Katika miaka yake ya mwanzo mihadhara ilirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo. Mwanafunzi wa Kiafrika alimtazama mhadhiri katika kioo naye mhadhiri hakumwona. Mitambo ilikuwa ya gharama kubwa, na masomo yalikuwa ya watu wengine. Kuanzia mwaka 2005, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, njia iligeuzwa: vyuo 12 katika nchi 10 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, vilishirikiana kuandika moduli zao vyenyewe kwa ajili ya kuwaelimisha walimu wa hisabati, sayansi na kompyuta. Zilitolewa moduli 73, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hayo yalikuwa maendeleo ya hakika, kwani mhadhiri aligeuka kutoka mpokeaji akawa mtungaji. Lakini msomi wa Kiswahili hawezi kuzipita lugha hizo tatu bila kutua kidogo. Ofisi ilikuwa Nairobi, nchi kadhaa za mradi zilikuwa za Waswahili au jirani zao, na Kiswahili hakikupata hata moduli moja.

Waya na chumba cha kupanga

Habari ya mitambo yenyewe yaweza kupitishwa haraka. Mtandao wa elimu wa Kenya, KENET, uliundwa mwaka 1999, na ofisi zake zimekuwa katika Maktaba ya Ukumbusho wa Jomo Kenyatta, kwenye bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa miaka kumi vyuo vilitegemea setilaiti, njia ghali na ya polepole, mpaka nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009. Tangu hapo ndani ya chuo pana mtandao wa kutosha kazi nyingi za kawaida.

Lakini mwanafunzi haishi ndani ya maktaba. Anaishi Kangemi, Kawangware, Uthiru au Kinoo, katika chumba cha kupanga, na chombo alicho nacho aghalabu ni simu ya mkononi ambayo hununuliwa data kwa vipimo vidogo vidogo, kama vile mafuta ya taa yalivyokuwa yakinunuliwa kwa kibaba. Mhadhara wa video wa saa mbili humaliza akiba ya siku kadhaa. Ndiyo maana mnamo mwaka 2020 wahadhiri wengi, baada ya kuhangaika na mikutano ya video, waliishia katika njia nyepesi zaidi: maandishi mafupi na sauti iliyorekodiwa dakika kumi, vikitumwa kwa WhatsApp, na mjadala ukafuata kwa kuandika. Kijitabu, sauti, na kukutana wakati ukiruhusu. Pasipo kujua, watu walikuwa wamerejea kwenye mafiga ya Kikuyu.

Walioiona njia hiyo kuwa ya kimaskini walikosea. Sauti ya dakika kumi humlazimisha mhadhiri kujua anataka kusema nini. Kwa wengine hilo lilikuwa jambo jipya.

Somo kwanza

Iwapo ni kweli kwamba chombo hakina budi kufuata somo, basi swali la kumwuliza mhadhiri wa Kiswahili si "Je, unajua kutumia kompyuta?" bali "Ni jambo gani katika somo lako ambalo miaka yote umeshindwa kulionyesha?" Kila mwalimu mkweli ana jambo la namna hiyo.

Chukua fonetiki. Katika Kimvita na Kiamu sauti za vipasuo hutofautishwa kwa mpumuo: paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, na p'aa, mnyama wa porini, hutamkwa kwa mpumuo. Tahajia sanifu, ambayo imejengwa juu ya Kiunguja, haionyeshi tofauti hiyo, na wanafunzi wengi wa Nairobi, ambao lugha zao za kwanza ni za bara, hawaisikii. Mhadhiri aweza kutamka maneno hayo mara ishirini mbele ya darasa, na bado nusu ya darasa ikaandika kwa kukariri tu. Lakini iko programu iitwayo Praat, iliyotungwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink, nayo hutolewa bure. Mwanafunzi akiingiza sauti ya Mmvita aliyerekodiwa kwa simu, huona kwa macho mshindo wa midomo inapoachana, kisha nafasi ya pumzi kabla ya irabu kuanza. Katika paa nafasi hiyo ni kama haipo. Katika p'aa ni milisekunde makumi kadhaa, na anaweza kuipima. Akishaiona, sikio nalo huanza kuisikia. Hapa mashine haikumwondoa mwalimu. Imemsaidia pale alipokuwa hana la kufanya ila kupaza sauti.

Sarufi nayo ina mfano wake. Vitabu husema kwamba nomino za viumbe huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza, isipokuwa kwamba baadhi ya majina ya jamaa, pamoja na rafiki, hufuata kanuni nyingine katika vimilikishi: rafiki yangu, ndugu yangu. Wanafunzi wa Nairobi huandika rafiki wangu kila siku, na mhadhiri hukata kwa kalamu nyekundu. Je, ni kosa, au ni lugha inayobadilika? Zamani swali hilo lilijibiwa kwa mamlaka ya aliyesimama mbele. Sasa ipo korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, yenye takriban maneno milioni 25 katika toleo lake la pili, na mwanafunzi aweza kutafuta mwenyewe maumbo yote mawili, akatazama nani kaandika, katika gazeti au kitabu gani, na kabla au baada ya neno gani. Atarudi na majedwali na mabishano. Bila shaka mhadhiri asiyependa kubishiwa hataifurahia njia hii, na pengine hiyo ndiyo sababu mojawapo, isiyotajwa katika ripoti, inayofanya vyombo fulani vibaki katika makasha yao.

Mfano unaofundisha kuliko yote hauhitaji chombo kipya. Kila aliyeandika Kiswahili kwa kompyuta anaifahamu mistari myekundu ambayo kikaguzi cha tahajia huipiga chini ya maneno. Hupigwa chini ya kosa, lakini pia chini ya hawatatupigia, chini ya wasiomjua, chini ya aliyekujibisha, maneno ambayo hayana dosari yoyote. Sababu yaeleweka. Vikaguzi vya kawaida vilibuniwa kwa lugha ambazo neno halibadiliki sana, hivyo hutosha kuweka orodha ya maneno. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, kirejeshi, mtendwa, mzizi na minyambuliko, na mzizi mmoja waweza kuzaa maumbo maelfu. Hakuna orodha itakayoyamaliza. Inatakiwa mashine ijue mofolojia. Arvi Hurskainen wa Helsinki alilitambua hilo tangu miaka ya 1980, na mfumo wake uitwao SALAMA huchambua neno badala ya kulitafuta katika orodha.

Sasa, mhadhiri wa mofolojia aweza kumwambia kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa insha yake, ayakusanye maneno yote yaliyopigwa mstari, na ayagawe mafungu matatu: yaliyo makosa kweli, yaliyo sahihi ila mashine haiyajui, na yale ya lahaja, ya Sheng au ya kigeni ambayo hukumu yake si ya mashine wala ya mwanafunzi peke yake. Fungu la pili ayachambue viambishi kimoja kimoja, kisha aeleze ni kanuni gani mashine ingefunzwa ili isikosee. Darasa la watu mia mbili laweza kufanya zoezi hili, na hakuna majibu mawili yatakayofanana, kwa kuwa kila insha ni ya mwenyewe. Hilo la wingi si dogo. Tangu mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia, madarasa katika kozi nyingi yalifura, na mazoezi ya kuandika yakapungua kwa sababu hapakuwa na wa kusahihisha.

Namna ya kumsaidia mhadhiri

Semina ya kawaida ya mafunzo huendeshwa na mtaalamu wa mitambo. Huwakusanya wahadhiri wa idara zote, yaani wa uhandisi, wa sheria, wa lugha, na kuwaonyesha namna ya kufungua darasa la mtandaoni, kupakia faili na kuweka mtihani wa kuchagua jibu. Jioni watu hupewa vyeti. Baada ya majuma mawili mhadhiri wa ushairi hufungua darasa lake, hupakia muhtasari uleule aliokuwa akiutolea nakala kwa mashine ya fotokopi, na hapo huishia. Si mvivu. Hakuna aliyemwonyesha chombo hicho kina uhusiano gani na ushairi.

Linalofaa zaidi ni kuifanya idara iwe ndiyo shule. Wahadhiri wawili wanaofundisha kozi moja au kozi jirani wachague jambo moja tu, kama mpumuo au vitenzi vilivyopigwa mistari, walitengenezee somo moja, walifundishe katika muhula huohuo, na mmoja akae nyuma wakati mwenzake anafundisha. Fundi wa kompyuta awe anaitwa wanapokwama, lakini asiwe mwalimu mkuu. Muhula wa pili waongeze somo la pili. Ni njia ya polepole, na haipendezi kwa wale wanaotakiwa kuandika mwishoni mwa mwaka kwamba wahadhiri mia tatu wamefunzwa. Hata hivyo masomo manne yaliyotungwa hivi katika miaka miwili yana thamani kuliko vyeti mia tatu, kwani yanaweza kurithiwa na mhadhiri atakayekuja.

Lazima pia isemwe wazi kwamba kutunga somo la namna hii huchukua muda kuliko kutoa mhadhara. Mhadhiri wa muda, anayefundisha asubuhi katikati ya mji na jioni Kikuyu, na kati yake yumo katika foleni ya Waiyaki Way, hana saa hizo. Chuo kisichohesabu utungaji wa masomo kama kazi, wakati wa kupanga mizigo ya kufundisha na wakati wa kupandisha vyeo, kinamtaka mtu atoe kwa hisani kitu ambacho makala moja katika jarida ingemletea sifa. Watu wenye akili hawatafanya hivyo kwa muda mrefu.

Lugha ya mafunzo

Liko jambo jingine linalowahusu wahadhiri wa Kiswahili peke yao. Mafunzo hutolewa kwa Kiingereza, na vyombo vimeandikwa Kiingereza, ilhali somo lazima lifundishwe kwa Kiswahili. Mhadhiri akifika darasani hana budi kutafsiri papo kwa papo. Matokeo ni kwamba mwanafunzi mmoja, katika siku moja, husikia kompyuta saa tatu, tarakilishi saa tano, na akifungua kitabu cha Tanzania hukutana na ngamizi. Hakuna ubaya wa istilahi kushindana. Ndivyo lugha zinavyokua. Ubaya ni mwanafunzi kuanza kudhani kwamba Kiswahili hakina neno, kwa kuwa mwalimu wake anasitasita kila mara kabla ya kulitamka. Yasiyo na mgogoro mkubwa yapo: kupakia, kupakua, kiungo, nenosiri, barua pepe, tovuti. Idara ikikubaliana juu ya maneno hamsini tu, hata kama yatabadilishwa baadaye, kusitasita huko kutapungua.

Ushindani huohuo sasa umefikia programu zinazotunga maandishi, mashuhuri kati yake ikiwa ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022. Wengine huiita elimu hii akili bandia, wengine akili unde, wengine akili mnemba. Mhadhiri wa Kiswahili anayo faida ambayo wenzake wa idara nyingine hawana: Kiswahili cha programu hizi, ingawa kimeendelea kuwa bora, bado mara nyingi hujifichua kwa muundo wa Kiingereza uliovaa maneno ya Kiswahili, na kwa upatanisho unaoteleza sentensi ikirefuka. Badala ya kuwinda tu wanaodanganya, mhadhiri aweza kuleta darasani insha ya mashine na kuwataka wanafunzi waisahihishe mstari kwa mstari, wakitoa sababu. Atakayeweza kueleza kwa nini sentensi si ya Kiswahili ingawa kila neno lake ni la Kiswahili, huyo amejifunza sintaksia.

Na mashine hizi haziwezi kujua ila kile zilicholishwa. Mradi wa Kencorpus, uliofanywa na watafiti wa vyuo vya Kenya, vikiwemo Maseno na Nairobi, ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya na kuchapisha habari zake mwaka 2022: maneno yapatayo milioni 5.6, na sauti za saa 177. Sauti za namna hiyo zinahitaji kunakiliwa kwa maandishi, kutengwa kwa lahaja, na kuwekewa alama za mahali ambapo msemaji amechanganya lugha. Mhandisi hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa isimu anaweza, akiwa na simu yake, visikizio na mhadhiri wa kumwongoza, na saa moja ya sauti humtosha muhula mzima.